Sikio la Kushoto la Mzee Haroub

Katika nyumba ya Mzee Haroub, ghorofa ya pili, mtaa wa Malindi, watu walikuwa hawazungumzi. Walikuwa wanapiga kelele. Ukitaka chumvi upige kelele, ukitaka kumwambia mzee kwamba kikoi chake kimekauka upige kelele, na majirani wa chini walikuwa wanajua kila kitu cha nyumba ile: nani tumbo linamsumbua, nani amechelewa kazini, samaki gani ameharibika. Miaka thelathini ndani ya chumba cha mashine cha meli ilikuwa imemla mzee masikio. La kulia lilikuwa limekufa kabisa. La kushoto lilibakiwa na uhai mdogo, wa kusikia mlango ukibamizwa.

Jumanne ile, siku tatu kabla ya Yusra, binti mdogo wa mzee, kuozwa, aliyekuwa akipiga kelele ni Mjaka, mdogo wake mzee, mwenye duka la vitambaa Darajani na tumbo la kuthibitisha kwamba duka linakwenda.

"Kaka! Nipe wakala! N'takuozeshea mimi!"

"Eeh?"

"Wakala! Yusra! N'takushikia mkono mimi!"

"Eeh?"

Mjaka akamgeukia shemegi yake, Bi Kazija, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Hapakuwa na aliyecheka. Ile "eeh" walikuwa wanaijua vizuri mno. Miaka miwili nyuma, katika ndoa ya binti mkubwa, Saadiya, sheikh alitamka maneno ili mzee ayafuatishe, mzee akasema "eeh?" Sheikh akarudia, mzee akasema "eeh?" Mara ya tatu vijana wa nyuma walishindwa kujizuia, na mmoja wao, Mungu amsamehe maana mimi siwezi, alikuwa ameshika simu anarikodi. Mjaka ndiye aliyesogea akaushika mkono wa bwana harusi na kuimaliza kazi. Kufika Isha mji mzima ulikuwa na ile "eeh" kwenye simu zao. Wako walioifanya mlio wa kuitia simu.

"Mwambie weye, shemegi," alisema Mjaka, sasa kwa sauti ya kawaida, maana mbele ya mzee watu walikuwa wamezoea kusema chochote. "Mie simtakii ubaya. Lakini tunakwenda kuaibika tena, na upande wa pili ni watu wa Fumba, hawatujui."

"Nshamwambia," alisema Bi Kazija. "Kila nikimwambia anacheka tu."

Mzee Haroub alikuwa kweli anacheka. Alikuwa anaiangalia midomo ya watu wawili anaowapenda, na kwa kuwa hakujua wanasema nini, aliona adabu ni kutabasamu.

Chumba cha pili, nyuma ya pazia, Abdulrazak aliyasikia yote. Huyu ni mtoto wa kiume wa pekee, fundi wa viyoyozi, kazi yake Kiembe Samaki. Ana miaka thelathini na tano na hajaoa, na sababu ya kutokuoa, kwa maelezo ya Mjaka, ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya msumari uliofungwa kitambaa cha sufu: hedifoni. Si hizi za barabarani za kuchomeka ukatembea. Hizi zilikuwa kubwa, nzito, pembeni zina wavu unaopitisha hewa, na alizinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akihama Fumba, kwa pesa ambazo nikizitaja utafunga kitabu. "Kijana mzima," Mjaka alipenda kusema kwenye baraza za watu, "kavaa mahari masikioni."

Tena mahari yenyewe hayakutosha. Hedifoni zile ukizichomeka kwenye simu zinatoa sauti ya mgonjwa. Zilitaka nguvu. Basi Abdulrazak akakaa miezi minane akiunda amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, alizokuwa akizitafuta kwa mafundi wazee wa mjini mmoja mmoja. Kifaa kilikuwa na transfoma nzito ya kuvunja kidole cha mguu na valvu mbili kubwa juu, kila moja na sikio lake: ya kushoto inalisha sikio la kushoto, ya kulia la kulia. Unaiwasha, unangoja dakika kumi zipate moto, zinawaka rangi ya chungwa, ndipo unasikiliza. Na ukisikiliza, alisema, sauti haikupigi. Inakaa na wewe.

Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Siku ya kwanza Bi Kazija aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama alivyofunika televisheni, redio na friji, maana kwake yeye kitu cha thamani kisichofunikwa ni kama mwanamke aliyetoka bila ya buibui. Abdulrazak alirudi akakuta kitambaa kimeungua katikati na nyumba inanuka uzi. Maneno aliyomwambia mama yake siku ile aliyajutia, lakini hakuomba radhi.

Jumanne ile, kwa hivyo, alikaa kitandani akitikisa mguu. Akasimama. Akakaa tena. Wazo lilikuwa limemwingia na halimpi nafasi ya kupumua.

*

Jumatano baada ya chakula cha mchana alimwita baba yake kwa mkono, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

Mzee aliziona valvu zinawaka akafurahi. "Hizi nazijua!" alipaza sauti. "Redio ya melini ilikuwa nazo! Ukizigusa zinakuunguza!"

Abdulrazak alichomeka maiki, akauvuta waya mpaka dirishani, upande wa jikoni, akaiweka maiki kwenye kizingiti. Kisha akafanya jambo ambalo hakupata kulifanya tangu azinunue: akazitoa hedifoni msumarini na kumvisha mtu mwengine. Akaongeza sauti kidogo kidogo kama mtu anayefungua mfereji wa maji ya moto.

Mzee alikaa. Uso wake haukubadilika. Abdulrazak akaongeza. Mzee akaunyanyua mkono: simama hapo.

Kile kifaa cha sikio alichopewa zamani kilikuwa kikimpigia miluzi na kumkata kichwa, akakitupa kwenye mtoto wa meza. Hiki hakikukata. Alisikia mwiko unagonga ukingo wa sufuria. Alisikia mafuta. Alisikia kiatu cha mtu. Halafu akamsikia mkewe akizungumza na jirani, Mwatima.

"Shoga yangu, nami nnataka Mjaka aozeshe. Mzee n'nampenda, lakini nshachoka kuchekwa. Nikipita sokoni watu wananambia 'eeh'. Sitaki tena. Bora akae nyumbani siku hiyo, tuseme ana homa."

Mzee Haroub alizivua hedifoni, akazilaza mapajani kwa mikono miwili.

"Baba! Umesikia?" alipiga kelele Abdulrazak, macho yamemtoka. "Umesikia nini?"

"Mwiko," alisema mzee. "Nimesikia mwiko."

Abdulrazak alicheka, akampiga baba yake bega kama rafiki, akaanza kuzunguka chumbani akihesabu waya anazohitaji. Hakuuangalia uso wa mzee. Angeuangalia angeona kwamba mzee amekasirika, na chini ya hasira ile ameumia sana.

"Mwambie Mjaka," alisema mzee, na mara hii hakupaza sauti, "mwanangu n'tamuozesha mwenyewe."

*

Mjaka alipoambiwa Alhamisi alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha alikaa kwenye kochi na kujipepea kwa kofia.

"Msikitini? Na makontena yale masikioni? Watu watasema bwana huyu kaja kupiga disko!"

"Sheikh Ame nshamuuliza, ami," alisema Abdulrazak. "Kasema watu wanavaa miwani msikitini na hakuna aliyewatoa."

"Miwani haina waya!"

"Basi mwenye kuona aibu asije."

"Ala! Mimi nambiwa hivyo? Mie niliyetoa vitambaa vya nyumba nzima?" Mjaka alimtazama shemegi yake amsaidie. Bi Kazija aliangalia sakafu. Alikuwa upande wa Mjaka na hakuwa na ujasiri wa kusema, na mzee, aliyekaa pembeni akinywa chai, alimwangalia muda mrefu kupita kawaida.

Yusra ndiye aliyejibu, kutoka chumba cha ndani, bibi harusi aliyetakiwa asisikike. "Ami, mie nna baba. Kama baba haozeshi, basi watu wa Fumba waambiwe warudi."

"Yarabi!" alisema Bi Kazija, akakimbilia ndani kumnyamazisha.

Siku ile hakuna aliyekula vizuri. Abdulrazak alikwenda msikitini mara tatu kupima masafa kutoka soketi hadi mbele ya kibla. Mara ya tatu alikuta amesahau kipimo nyumbani.

*

Ijumaa, saa tisa alasiri, nyumba ilijaa wanawake. Harufu ya udi ilikuwa imeshuka ngazi zote mpaka nje. Ndoa ilikuwa baada ya Sala ya Alasiri, na kabla ya kwenda msikitini lazima baba aende kwa mwanawe kuomba idhini. Kwa desturi, msichana anyamaze. Kunyamaza kwake ndiko kukubali. Lakini Mzee Haroub kwa miaka minane alikuwa ananyamaziwa na dunia nzima, na hakutaka kunyamaziwa leo.

Abdulrazak aliibeba amplifaya kwa mikono miwili mpaka ukumbini, akaiweka juu ya stuli, akaiwasha. Dakika kumi. Wanawake waliizunguka wakaziangalia zile taa za rangi ya chungwa. "Nzuri, kama fanusi," alisema Mwatima. Mzee alikuja na kanzu mpya na joho, akavishwa hedifoni juu ya kofia, na kofia ikabonyea katikati. Msichana mmoja aliguna, akakanyagwa mguu na mamake.

Yusra alikuwa amejifunika leso ya dhahabu. Maiki ikawekwa mapajani pake.

"Mwanangu Yusra," alisema mzee, na watu walishtuka, kwa sababu alisema taratibu. Alikuwa anajisikia mwenyewe. "Silima bin Duni amekuja kukuposa, na sisi tumemridhia. Unanipa idhini nikuozeshe?"

Yusra alinyamaza kama inavyopasa, na mzee akangoja, ameinamisha kichwa upande wa kushoto. Leso ikatikisika.

"Ndiyo, baba," alisema Yusra. "Niozeshe weye. Asiniozeshe mtu mwengine."

Mzee hakusema "eeh". Alisema, "Nimesikia, mama," na macho yakamjaa maji mbele za watu.

Vigelegele vilivyopigwa hapo viliufikisha ujumbe hadi bandarini. Bi Kazija alikuwa analia. Akachukua mrashi wa fedha, ule aliopewa na mama yake, na kama afanyavyo mwanamke yeyote wa mjini panapofika jambo la heri, akamrashia mumewe marashi, kichwani, mabegani. Akamrashia mwanawe. Na kwa kuwa moyo ulikuwa umemjaa na kile kifaa ndicho kilicholeta heri ile, akakirashia nacho, mara mbili.

Ti! Kioo kikapasuka. Maji ya marashi yakashuka mpaka ndani ya soketi, pakatoka cheche, kisha moshi mweusi mwembamba uliochanganyika na udi.

Abdulrazak alichomoa waya ukutani. Valvu ya kushoto ilikuwa imefanya ufa kutoka juu hadi chini, na ndani imegeuka nyeupe kama jicho la samaki aliyepikwa.

"Umefanya makusudi," alisema Abdulrazak.

"Mimi?"

"Hukutaka baba aozeshe! Ulikuwa upande wa ami tangu mwanzo! Unadhani sikusikia?"

"Wallahi, mwanangu, nilitaka kinukie..."

"Kinukie!"

"Uliniambia nsikifunike!" Bi Kazija sasa alikuwa anapiga kelele kama siku zote. "Sikufunika! Hukuniambia nsikirashie! Kitu gani hujapata kunambia humu ndani? Nyumba yangu, nami natembea kama mgeni!"

Wanawake wakaangalia pembeni. Mzee alikuwa bado amevaa hedifoni zilizokufa, anaangalia mdomo wa mkewe na mdomo wa mwanawe, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu. Akajua wazi kilichotokea. Adhana ikaanza.

Mjaka alitokea ngazini, anahema. "Jamani, watu wa Fumba washafika." Akaona moshi. Akaona stuli. Nitamtendea haki: hakucheka. Lakini alijiweka sawa kofia yake, kama mtu aliyeitwa.

Abdulrazak alipiga magoti akaigeuza amplifaya chini juu. Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha, valvu na soketi na vilivyo chini yake. Akakata waya wake mmoja kwa koleo ili usiue na upande wa pili. Akaifuta kwa kanzu yake mpya. Akaurudisha waya ukutani na kungoja, na kungoja kwenyewe kulikuwa kama kumezwa, na valvu ya kulia peke yake ikaanza kuwaka.

Sikio la kulia la hedifoni lilikuwa zima. Na sikio la kulia la mzee ndilo lililokufa.

Fundi yeyote mpumbavu angeliona jibu mara moja. Abdulrazak lilimchukua muda kwa sababu alikuwa mjuzi. Hedifoni zile zilichongwa, kila kikombe kwa umbo la sikio lake, na yeye alikuwa mtu wa kugombana na watu mtandaoni juu ya uzito wa waya. Kuzivaa kinyume kwake kulikuwa kama kusali ukiipa kibla mgongo. Alizishika muda. Halafu akazigeuza, nyuma mbele, kulia kushoto, akamvisha baba yake.

"Baba," alisema kwenye maiki, kwa sauti ndogo.

"Naam," alisema mzee. "Twende."

*

Msikitini walikuta waya tayari umelazwa chini ya mikeka. Valvu ikapata moto wakati watu wanasali. Baada ya sala walikaa duara: Sheikh Ame, mashahidi, Silima mwenye kanzu inayombana shingo, na Mzee Haroub mbele yake, goti kwa goti, amemshika mkono. Hedifoni zilikaa upande, moja imeinuka, kofia imebonyea. Nyuma vijana walikuwa wameshatoa simu. Abdulrazak aliwaona, na alitamani apasuke.

Maiki ilikuwa kwenye mkeka katikati. Na kwa kuwa watu walikuwa wamezoea, Mjaka aliyekaa nyuma ya kaka yake alimwinamia shahidi wa pili akanong'ona.

"Hasikii huyu. Mwache ajifurahishe. Akikwama, n'tamalizia."

Mgongo wa mzee ukanyooka.

"Mjaka," alisema, bila ya kugeuka, kwa sauti ya kawaida. "Nakusikia."

Mjaka alibaki ameinama vile vile, na shingo yake ikapanda rangi kidogo kidogo mpaka kwenye masikio. Simu moja ya nyuma ikashushwa, kisha nyengine.

"Sitakwama," alisema mzee. "Sheikh, bismillahi."

Sheikh alitamka, mzee akafuatisha, neno kwa neno, wala hakukosa herufi. "Nimekuozesha binti yangu Yusra kwa mahari mliyokubaliana." Na Silima, aliyekuwa ameambiwa na kila mtu apige kelele sana mbele ya mkwewe, alifungua kinywa akapiga kelele, mzee akafumba macho kwa maumivu.

"Taratibu, mwanangu," alimwambia. "Nakusikia."

"Nimekubali," alisema Silima, taratibu, "kumuoa Yusra binti Haroub kwa mahari hayo."

Mzee alikaa na neno lile kwa muda kabla ya kuuachia mkono. Sheikh akaanza dua. Mjaka aliitikia amina kwa sauti ya chini kuliko wote, na walipoinuka alimshika kaka yake mkono akaubusu, kisha akashindwa kuuachia.

*

Jioni wanawake walikuwa na Yusra chumba cha ndani, wanaimba. Abdulrazak aliirudisha amplifaya chumbani na kuiwasha, akakaa kuisikiliza ile valvu moja. Ngozi ya hedifoni ilikuwa imelowa jasho na marashi. Kwa kawaida angeifuta na kitambaa maalumu. Aliinusa, akaiacha.

Kisha akaibeba ukumbini, akamvisha baba yake kinyume, akaenda jikoni alikokuwa mama yake peke yake anakosha sinia ambalo lilikuwa limeshakoshwa.

"Mama," alisema. "Niwie radhi. Na ya kitambaa pia." Akamshika mkono wenye povu, akamleta, akampa maiki, akatoka nje kwenye ngazi.

Bi Kazija aliishika maiki kama kisu. Akaisogeza mdomoni. "UMECHOKA?"

Mzee aliruka kwenye kiti. "Mke wangu! Usipige kelele."

Akajaribu tena. Miaka minane hakupata kumnong'oneza mumewe neno, na alikuwa amesahau inavyofanywa. "Nlikuwa naogopa wakucheke," alisema mwishowe. "Basi."

"Najua. Nlikusikia Jumatano, weye na Mwatima. Ya homa."

Maiki ikashuka. "Ulisikia? Mbona hukunambia kitu?"

"Niliumia," alisema mzee. "Niliumia sana. Lakini ilikuwa sauti yako, Kazija. Nlidhani nimeshaisahau." Akaiinua maiki mwenyewe, akairudisha mdomoni pa mkewe. "Haya. Sema jengine."

"Nseme nini?"

"Lolote. Taratibu tu."

Bi Kazija alivuta kiti karibu, akajifuta macho kwa ncha ya leso, akaanza kumweleza jinsi muuza pweza alivyotaka kumpunja asubuhi. Alieleza kwa urefu. Majirani wa chini hawakusikia neno hata moja.